Kitu Kimoja kwa Siku

Kila nikimkumbuka Karani, huwa ni saa tisa alasiri. Sijui kwa nini. Nilimwona asubuhi nyingi, nikamwona jioni, nikamwona hata akitoka bafuni na taulo kichwani akimgombeza paka wa jirani. Lakini akilini mwangu saa haisogei. Jua limelala juu ya mabati ya mtaa wa Tena, nguo za watu zinaning'inia kwenye nyaya bila kutikisika, watoto hawajatoka shule, na yeye ameketi mlangoni pake juu ya kigoda, miguu ameinyoosha mbele, anatazama viatu vyake. Ukipita hakuulizi habari za nyumbani. Anakuuliza, "Leo umebadilisha nini?"

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani, katika ofisi moja ya mjini, mpaka alipostaafu. Jina lake la ubatizo lilikuwepo, nililiona siku moja kwenye kadi ya kliniki, lakini kulitamka kungekuwa utovu wa adabu. Hata mhubiri alipomwombea alisema "Karani wetu", na nadhani Mungu alielewa. Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo kuliko milango ya ploti ile, vyumba vyetu vya kupanga, ilivyotarajia, na alipenda viatu kupita kiasi. Alikuwa na jozi saba, zote za mitumba, zote zimepakwa rangi zikang'aa, na hakuna siku niliyomwona amevaa ndala mbele ya mgeni.

Niseme mapema nilivyofika pale, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilimshikilia mama huyu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa mifuko ya nyuma ya suruali. Suruali ikinifikia ilikuwa tayari na miguu, ikiondoka kwangu ilikuwa na mifuko, na aliyeitia zipu sikumjua. Miaka sita, na sikuwahi kushona suruali moja nzima. Kisha kiwanda kikafunga lango, nikahamia ploti ile kwa kaka yangu anayefanya kazi kwenye reli. Alikuwa na mke, watoto watatu na vyumba viwili. Mimi nikapewa kochi.

Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba yake kule magharibi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Jioni moja ya mwezi wa nne kaka akasema, huku akinisogezea kipande kikubwa cha nyama, kwamba Desemba akienda kwa Krismasi atanipeleka, nibaki kule nitunze boma. Sina kazi, sina mtu, na nyumba inahitaji mtu. Alisema kwa upole. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitatiza, kwa sababu mtu mbaya ungemkatalia. Niliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa mboga. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na ukweli ni kwamba hata mimi sikujiuliza. Nilijua tu kwamba kila nikifikiria kufuli ile, kifua kinabana.

Kwa hiyo nilikuwa na miezi minane. Nilikuwa naitumia kufua nguo.

Karani alinipata nimeketi kwenye ngazi, siku ya kufunguliwa maji, beseni tupu miguuni. Akaniuliza swali lake. Nikamwambia sijabadilisha kitu, na ningebadilisha nini, sina kazi, sina nyumba, hata mahali pa kulala ni pa kuazimwa. Akasema hayo hajayauliza, ameuliza leo. Kisha akataka kujua nikilala kochini kichwa naelekeza wapi. Nikamwambia mlangoni.

"Basi leo elekeza kwingine," akasema, akaondoka na viatu vyake vya kahawia.

Nilidhani umri umemzidi. Lakini nilipotandika shuka usiku huo mikono yangu yenyewe ilihamisha mto. Kulipopambazuka nikafumbua macho, na badala ya mlango na makoti ya watu wengine, nikaona dirisha. Miezi yote ile lilikuwa nyuma ya kichwa changu. Kati ya ukuta wetu na ghorofa ya jirani kulikuwa na ukanda mwembamba wa mbingu, rangi ya maji ya mchele, na njiwa wawili wamekaa juu ya tangi la maji la bluu. Kwa dakika chache sikujua niko wapi, na nikapenda kutojua. Nilihisi kama niko ndani ya ndoto ambayo nimeichagua. Kisha mtoto akalia, wifi akawasha jiko, na nyumba ikawa ile ile, isipokuwa mimi nilikuwa nimetabasamu na sikuweza kumweleza mtu sababu.

Sheria zake zilikuwa chache. Kimoja kwa siku, viwili ni fujo. Kiwe kidogo kiasi kwamba huhitaji ruhusa ya mtu. Na usijisifu, ukiulizwa ndipo useme. Siku moja alikula chakula cha jioni kwa mkono wa kushoto akajimwagia mchuzi wote kifuani, akasema haidhuru, leso ni yake. Siku nyingine alikwenda Kiamaiko kununua maini ya mbuzi, kama alivyofanya kila Jumamosi, akarudi na utumbo, kisha akashinda mchana mzima akilalamika kwamba hapendi utumbo. Nilimuuliza kwa nini basi aliununua. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa nini.

Kuna siku aliamua kuwasalimia vijana wa langoni kwa lugha yao. Kila siku wao walimwambia "Sasa shosh," wakimaanisha bibi, na yeye aliitikia "Hamjambo" bila kugeuka. Siku hiyo alisimama mbele yao, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akasema, "Niaje mabeste. Mko poa?" Walisimama wote wanne, mmoja akavua kofia. Tangu hapo walimbebea mtungi wa maji bila kuombwa. Yeye alidai hakuwa na nia hiyo, ila sikumwamini sana.

Nilikuwa nikimwona mchana wa jua kali akitembea polepole kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa, mkono umeinuliwa, vidole vinapita kwenye shuka moja hadi nyingine. Alikuwa akitafuta waya wa kuanikia ambao hajawahi kuutumia. Sisi wengine kila mtu alikuwa na waya wake, na ukigusa wa mwenzako kuna vita. Yeye aliomba, akabadilishana, akaanika leo kwa huyu na kesho kwa yule. Nikikumbuka ploti ile naona nguo zake zikihama ua mzima, gauni la zambarau pale, fulana hapa, na sidhani nimewahi kuona kitu cha amani zaidi.

Alinisimulia mara moja tu jambo hili lilivyoanza. Kazi yake ya ofisini ilikuwa kupokea karatasi. Karatasi zilifika zimeamuliwa na zikaondoka zimeamuliwa, na yeye katikati aligonga muhuri kwamba zimepokelewa. Miaka karibu thelathini neno lake lilikuwa hilo. Halafu asubuhi moja akakuta meza yake imehamishwa kwenye kona karibu na choo, na kiti kimebadilishwa kwa kingine kifupi, kidevu chake karibu kiguse meza. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Alijua akiuliza ataambiwa arudi nyumbani. Akakaa. Kisha akachukua kidau cha wino kilichokuwa kulia miaka yote, akakiweka kushoto.

"Siku hiyo nzima nikagonga muhuri kwa mkono ambao hakuna aliyenipangia," akaniambia. "Mkubwa wangu alipita mara nne. Hakuona chochote. Nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi."

Halafu akaongeza maneno ambayo niliyasikia kwake mara nyingi baadaye, akiyageuza geuza: kodi hapangi yeye, maji hafungulii yeye, lakini kijiko akikiweka pale, kinakaa pale.

Sitaki umdhanie mtakatifu. Alikuwa kero. Mabadiliko yaliyotoka kwa wengine hakuyavumilia kabisa. Mwenye ploti alipopaka milango yote rangi ya kijani, Karani alinuna wiki tatu na akawa anaingia ndani mwake kinyumenyume ili asiuone mlango. Kanisani alikuwa na mahali pake, benchi la nne karibu na nguzo, na mgeni akikaa hapo Karani alisimama kando yake wimbo wa kwanza wote, akiimba kwa sauti ya juu, mpaka mgeni aelewe. Na daraja la juu la watembea kwa miguu hakulipanda hata siku moja. Alizunguka mbali sana kwa sababu aliogopa kuona magari chini yake. Nilimwambia, kwa utani, kwamba hilo lingekuwa badiliko zuri. Akasema nipande mimi nimsalimie aliyelijenga.

Jambo lililonichekesha zaidi ni kwamba alikuhimiza uamue mwenyewe, halafu akakuamulia. "Unataka chai na sukari au bila? Amua wewe," huku mkebe wa sukari ameuficha nyuma ya mgongo. Tulicheka sana kwa hilo. Hata yeye alicheka, mkono mdomoni, kwa sababu jino moja la mbele lilikuwa limeondoka na hakutaka lijulikane.

Nilimkasirikia pia. Mwezi wa saba, nikiona siku zinakwisha, nilimwambia waziwazi kwamba mchezo wake ni wa mtu asiye na shida. Nimehamisha mto, nimebadilisha njia ya kwenda sokoni, nimekunywa chai kabla ya kuosha vyombo, na Desemba bado inakuja na mimi bado nitafungiwa kijijini. Kuhamisha kijiko hakuzuii chochote. Nyuma ya Karani redio ilikuwa inatangaza vifo.

"Sijasema kunazuia," akasema. "Nimesema kunakuzoeza."

Kesho yake alikuja na gauni la mitumba kutoka soko la Gikomba, zuri, la maua madogo, ila pana mno kwake. Akataka nilipunguze. Nikamwambia mimi najua mifuko tu. Akasema basi nimtilie mfuko. Ndani kwake kulikuwa na cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na jirani aliyehama, imefunikwa kitambaa na juu yake kuna redio. Tukaitoa redio. Nikatia mfuko ubavuni, kazi ya dakika kumi, na wiki nzima alitembea ploti yote mkono ukiwa mfukoni ili waulize nani amemshonea. Siku nyingine nikapandisha pindo. Nyingine nikabana kiuno kidogo, nikafumua, nikabana tena. Mguu wangu ulikumbuka kukanyaga, lakini hii haikuwa kazi ya kiwandani. Ilikuwa kimya, hakuna msimamizi, mwanga wa dirishani unapita juu ya kitambaa, na mimi naamua sindano inasimama wapi. Nilikuwa nikiinua kichwa naona mchana umekwisha.

Watu wakaanza kuleta. Kola, zipu, suruali ya mtoto aliyerefuka. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Kabla ya shule kufunguliwa kwa muhula wa tatu, mama watano wa ploti waliniletea sketi za sare. Zote za kijivu, zote kubwa, wamezinunua hivyo ili zidumu. Nilizirundika mezani na furaha ikanipanda, kwa sababu mikono yangu ilitambua kitu. Lile lilikuwa bando, fungu la nguo zilizofungwa pamoja. Kiwandani kazi hukufikia kwa bando, na bando ni saizi moja. Ukisimama kupima kila kimoja utafokewa, laini nzima inakungoja. Nilipima sketi ya kwanza kwa mtoto wa kaka yangu. Zile nyingine nne nilizilaza juu yake, nikakata zilizozidi kwa mkasi mmoja, nikashona mapindo matano bila kupumua. Nilijisikia fundi. Nilizikunja vizuri na kuzipeleka.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na msichana mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko mimi.

"Auntie," akasema, akiwa karibu kulia, "hii sketi imeniacha magoti nje. Ticha atanitoa klasi, na yule boi wa nyuma atanicheka mpaka mwaka uishe."

Nyuma yake alikuwa mama yake, na nyuma ya mama yake mama mwingine. Hawakunitukana, na ningependa wangenitukana. Mmoja alisema tu kwamba aliniamini kwa sababu ya Karani. Kaka alikuwa anafunga kamba za viatu kwenda kazini na alisikia yote. Alingoja waondoke, akaniwekea mkono begani, akasema nisijali, mji huu una wenyewe, na atanikatia tiketi mapema ili nisihangaike. Niliona kwamba alikuwa amefarijika, na hilo liliniumiza zaidi kuliko zile sketi.

Nilikwenda kwa Karani nikalia. Hakunibembeleza. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza wasichana ni wangapi. Watano. Majina yao? Nikamtajia mmoja, wa nyumba yetu. Wengine sikuwajua.

"Ulimshonea nani basi?" akauliza.

Akasogeza sinia la mchele kando. Akasema badiliko langu la siku hiyo ni moja tu: nisishone kitu cha mtu kabla sijasimama mbele yake.

Nikavaa futi shingoni nikaenda mlango kwa mlango. Hiyo ndiyo safari ndefu zaidi niliyowahi kutembea, na yote ilikuwa ndani ya ploti moja. Niliomba msamaha mara nne. Nekesa alikuwa na nyonga pana na alitaka sketi isimbane akikimbia, kwa kuwa yeye ni mkimbiaji. Yule mrefu, Achieng, alitaka ifike chini kabisa ya goti, afiche kovu la moto. Mueni hakutaka chochote, alitaka tu nimpime haraka aondoke. Wa nne alisema yake iko sawa, na mimi niliona haiko sawa, nikamrefushia. Kitambaa nilichokuwa nimekikata hakikurudi, kwa hiyo nilikwenda Gikomba nikachagua suruali kuukuu za shule za rangi ile ile, nikazifumua, mifuko ya nyuma nikaitupa, na kutokana na miguu yake nikapata vipande vya kuongezea pindo. Nilishona sketi moja kwa siku, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu.

Sketi ya mwisho niliirudisha Ijumaa. Nilipoingia nyumbani tiketi ilikuwa mezani, imekandamizwa na kikombe cha chumvi. Kaka alikuwa anakula. Futi lilikuwa bado shingoni mwangu.

"Sirudi, kaka," nikasema.

Wifi aliacha kuosha vyombo. Kaka akauliza nitakaa wapi. Nikamwambia sijui bado, lakini sirudi. Sauti yangu ilikuwa ndogo na nilishangaa kwamba inasikika. Akasema nyumba ya mama itaoza. Nikamwambia naipenda nyumba ile, nitakwenda kila Pasaka nifungue madirisha na kufagia, lakini sitakuwa kufuli yake. Alisukuma sahani. Alidhani nimemkataa mama, na kwa wiki mbili alizungumza nami kupitia watoto: mwambieni shangazi apitishe maji. Nilikuwa na uchungu, na chini ya uchungu ule nilikuwa na furaha ambayo niliionea haya. Mwishoni mwa wiki ya pili aliirudisha tiketi bila kuniambia.

Nilikuwa nimekimbia kwa Karani jioni ile ile ya Ijumaa kumpa habari. Nilitarajia anikumbatie. Akaniuliza kama asubuhi sikuwa tayari nimebadilisha kitu kingine. Nikakumbuka, ndiyo, nilikuwa nimesuka nywele mtindo mpya. Akatikisa kichwa. "Hivyo ni viwili," akasema, akarudi kumtafuta paka.

Miaka imepita. Nina chumba changu, nina kibanda Gikomba kando ya maseremala, na ninaporekebisha gauni la mtu vumbi la mbao hushuka polepole kwenye jua mpaka nasahau niko sokoni. Nina wasichana wawili wanaonisaidia. Kaka huniletea suruali zake. Nimezoea kuamua, na watu wamezoea kuniuliza, na nadhani ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Karani alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa mazito. Mpwa wake, muuguzi mstaafu na mtu wa moyo mwema, alimchukua akaenda kukaa naye mtaa wa Umoja, ghorofa ya nne. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimkuta amekatwa nywele, amevalishwa suruali ya michezo, ameketi mbele ya televisheni, soksi miguuni bila viatu. Mpwa aliniambia kwa fahari ratiba yake yote. Uji saa moja, kisha bafu, kisha dawa, kisha kulala. Karani alinitazama tu. Sikuweza kukaa muda mrefu, nilishuka ngazi nikilia.

Na nikaanza kupanga. Nilipata chumba cha chini jirani na changu, hakina ngazi. Nikakipaka rangi. Nikatafuta mama wa kumtunza mchana nikiwa kazini. Nikanunua kitanda, pazia, kigoda cha mlangoni. Nikazungumza na mpwa wake mara tatu, kwenye simu na pale kwenye ngazi, mpaka akakubali, kwa sababu hata yeye alikuwa amechoka. Tukachagua Jumamosi. Nilikodi gari dogo. Kwa mwezi mzima niliishi ndani ya mchana ule wa zamani, yeye mlangoni pake, nguo zimetulia kwenye nyaya, saa tisa isiyosogea. Nilikuwa narudisha kitu mahali pake.

Siku hiyo nilifika saa moja asubuhi. Karani alikuwa kwenye kiti chake na uji ulikuwa mezani unatoa mvuke. Nilipiga magoti nikamweleza yote, haraka, kwa furaha: chumba, kitanda, yule mama wa kumtunza, gari liko chini linangoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Mdomo ulimpinda kidogo kabla neno halijatoka.

"Nani ameamua?"

"Mimi na mpwa wako," nikasema. "Tumezungumza sana."

Mkono wake mzima, wa kushoto, ulikuwa unakunja na kukunjua ukingo wa blanketi.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Alikuwa hapo. Mara zote tatu alikuwa hapo hapo, kwenye kiti kile, na sisi tukishusha sauti. Nilitazama begi nililokuwa nimemfungia, na nikaona kwamba nilikuwa nimelifunga bila kumuuliza hata kiatu kipi. Mpwa wake alisimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi, na nadhani yeye pia alisikia.

Nikakaa sakafuni. Nikamuuliza anataka nini. Kisha nikafunga mdomo, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupaka rangi chumba kizima, kwa sababu alichukua muda mrefu sana. Jua lilitoka nyuma ya ghorofa ya jirani, likaingia dirishani, likapanda miguuni mwake. Chini dereva alipiga honi, akapiga tena, akanyamaza. Nilijua kabla hajasema kwamba haendi nami, na roho iliniuma kama mtoto.

"Nikae hapa," akasema. "Hapa ni pazuri. Lakini..."

Tukangoja.

"Nataka kuoga kwanza. Kabla ya uji."

Mpwa wake akaja, akachukua sahani, akaufunika uji, akarudi jikoni kuinjika maji.